Diski Uliyotuachia

Binti yangu kipenzi,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Goti linamsumbua, ila mdomo hauna likizo.

Ile diski ya Linux uliyotuachia, ya kuwashia kompyuta, tumeitumia miezi mitatu. Ni nzuri, lakini kila tukizima kompyuta inasahau yote tuliyoandika. Jumamosi nikamwambia baba yako, "Mzee, leo tuiweke hiyo Linux ndani ya kompyuta moja kwa moja."

Tulifuata maelekezo yako mpaka kompyuta ikauliza kama tufute kila kitu cha zamani. Baba yako akainuka, akaenda kusimama dirishani. Nilijua kwa nini. Mambo ya marehemu kaka yako yalikuwa bado humo, na tangu tumzike hakuna aliyethubutu kuyafungua.

Basi tukayafungua. Tulikuta picha, barua za kuomba kazi, na sauti yake akiimba vibaya kama kawaida yake. Baba yako alicheka mpaka akalia. Tukanakili yote kwenye flashi mbili, na moja ni yako.

"Nibonyeze sasa?" nikamwuliza.

"Hapana, mama watoto. Niachie mimi."

Akabonyeza. Baada ya nusu saa kompyuta iliwaka yenyewe, bila diski. Anataka kukuandikia, kwa hiyo nampisha kitini.

Nakupenda,
Mama

mwanangu ni mimi baba. leo nimefungua madirisha ya chumba cha kaka yako na kufagia. ukija likizo utalala humo