Mkasi Niliompa Tadala

Chinsapo, Lilongwe
Jumamosi asubuhi

Yaya Mapendo, dada yangu mpendwa,

Mmeamkaje hapo Uvira? Miguu ya Mama bado inamsumbua, na wewe kile kikohozi kimekuachia? Watu wanaofika hapa kambini Dzaleka wiki hizi wanaleta habari za kila namna. Mmoja anasema mtaa wetu umetulia, mwingine anasema mmehama tena, na mimi sijui nimwamini nani. Ukiipata barua hii nijibu hata neno moja, nijue tu kwamba mpo. Mimi mwilini sina ugonjwa. Nakula, natembea, hata jana nilicheka kidogo. Lakini naogopa, Yaya, na hakuna mtu niliyemwambia naogopa kiasi gani. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nitakueleza tangu mwanzo, maana ukisikia nusunusu kwa watu utafikiri nimeua mtu.

Unajua ateliye yangu ya kushona iko mjini, hatua chache kutoka soko la Tsoka. Cherehani tano, yangu na za wasichana wanne ninaowafundisha, meza ya kukatia, kioo kimoja chenye ufa. Unachokijua pia, ingawa kwenye simu huwa tunakipita harakaharaka, ni kwamba mkimbizi hapa anatakiwa akae kambini. Baba Ombeni na watoto wako Dzaleka. Mimi natoka kwa karatasi ya ruhusa ya siku chache, siku zinaisha, naendelea kubaki. Nimepanga chumba huku Chinsapo. Nafunga chitenje, kile kitenge chao, kama wanawake wa hapa, nasalimia kwa Kichewa, na gari la polisi likisimama karibu na soko nainama kama ninayetafuta sindano chini ya meza. Tangu mwaka ule polisi walipotukusanya mjini kwa malori kuturudisha kambini, hata nikisikia honi ya lori la mchanga natafuta pa kutokea.

Basi leseni ya ateliye haina jina langu. Ina jina la Mayi Mphatso, jirani yangu Mmalawi anayeuza maharage Tsoka. Tulifanya hivyo kwa nia njema. Yeye alikwenda akajaza fomu, mimi nikamshonea gauni, na kila Krismasi namshonea lingine. Karatasi tukaitundika ukutani, na miaka yote hii hakuna aliyeisoma isipokuwa nzi.

Sasa Tadala. Ni msichana Mmalawi niliyemchukua hajui hata kupitisha uzi kwenye sindano. Amekaa nami miaka mitatu. Nimemfundisha vile ulivyonifundisha wewe, kwanza vifungo, halafu pindo, halafu kola. Kiswahili chetu amekiokota humohumo kwenye ateliye, siku hizi watu wa kwetu wa Fizi wanamuuliza ni wa ukoo gani. Mkataba sikumwandikia. Yaya, nani kwetu alishawahi kumwandikia mkataba mtoto wa ateliye? Unamwita mwanangu, anakula nawe, mwezi ukiisha unampa chake, akiugua unakwenda kumwona. Mimi nilidhani hiyo ndiyo sheria.

Na unakumbuka desturi yetu. Mtoto akishaiva, fundi wake anampa mkasi na futi ya kupimia mbele ya kanisa, mchungaji anamwombea, kwaya inaimba, na kuanzia hapo anakwenda kujitafutia maisha, huku anakuita mama mpaka kufa. Uliponipa wangu nililia hata leso ikalowa. Mimi nikaona Tadala ameiva. Zaidi ya hapo, kuna msichana wa Fizi amefika kambini juzijuzi, hana baba wala mama, nikasema nafasi hii imfae yeye. Nikamwalika Tadala kanisani kwetu Dzaleka Jumapili moja. Nikamwita mbele, nikampa mkasi mpya uliofungwa kwenye kitenge. Watu wakapiga vigelegele. Tadala akalia, na mimi nikafurahi kwamba analia.

Jumatatu asubuhi akaja kazini kama kawaida. Akamkuta yule msichana wa Fizi amekaa kwenye cherehani yake. Akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama Sifa, nimekosa nini?"

"Haukukosa kitu, mwanangu. Umekuwa fundi sasa. Njo maana tulikuachilia jana."

"Kuniachilia niende wapi?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Uende kujitafutia. Mkasi si iko nao?"

Akautoa kwenye mkoba, bado uko ndani ya kitenge chake. "Mkasi bila mashine, mi nafanya nayo nini? Kwetu njo mi nalisha batu, unajua." Nikamwambia Mungu atafungua njia. Akaondoka bila kuaga. Yaya, hata hapo sikuelewa. Nilifikiri ana uchungu wa kuachana nasi.

Siku tatu baadaye ikaja barua kutoka ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Imeandikwa kwa mwenye biashara, jina la Mayi Mphatso. Afike kueleza kwa nini mfanyakazi ameachishwa kazi bila taarifa ya mapema, bila sababu, na bila kusikilizwa. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, mara ya nne nikakaa juu ya marobota ya vitambaa. Kuachishwa kazi. Mimi niliyemwitia kwaya.

Nikampigia simu Baba Ombeni. Unamjua, hapendi maneno mengi.

"We Sifa, nyamaza," akasema. "Benye kuitwa kule ni benye majina yabo iko kwa karatasi. Yako haiko."

"Na Mayi Mphatso je? Yeye hakufukuza mtu."

"Yeye iko kwabo, inchi yake. Wewe batakubeba kwa lori, batoto bakiangalia. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nakuambia ukweli, nilinyamaza kwa sababu nilitaka kunyamaza, si kwa sababu mume wangu kasema.

Siku ya kuitwa nikamsindikiza Mayi Mphatso kama ndugu tu wa kumshika mkono. Ofisa alikuwa kijana mpole, akatukaribisha vizuri, akatuuliza kama tumepata shida njiani. Upole wake ulinitisha kuliko kama angefoka. Tadala alikuwa amekaa upande wa pili, amevaa blauzi aliyoishona mwenyewe kwenye ateliye yangu, kola imekaa sawasawa. Ofisa akaanza. Mkataba wa maandishi uko wapi? Mayi Mphatso akanitazama. Alipewa notisi lini? Akanitazama tena. Aliambiwa kosa lake, akapewa nafasi ya kujitetea? Kila swali yule mama ananitazama, na mimi natazama viatu vyangu.

Mwisho ofisa akamgeukia Tadala. Akamuuliza, "Aliyekuwa anakupa kazi kila siku, na aliyekuondoa, ndiye huyu mama?"

Tadala akainua macho akaniangalia mimi. Hakuangalia kwa chuki, ingekuwa rahisi zaidi. Kisha akamwonyesha Mayi Mphatso kwa kidole, akasema ndiye. Ofisa akaandika. Mayi Mphatso akasaini, Tadala akasaini. Tukaambiwa turudi Jumatatu na mapatano: ama arudishwe kazini, ama mwenye biashara aeleze atamlipa vipi haki zake, ama jambo liende mahakamani.

Nje nikamkimbilia Tadala. Nikamuuliza kwa nini amenificha.

"Mi sikutaka bakurudishe kambi," akasema. "Mi nilitaka tu kurudi kwa mashine yangu. Lakini Mama Sifa, leo nimesema bongo, kitu si ya kweli, mbele ya serikali, na we ulikuwa pale unasikia." Akaenda zake.

Ungefikiri nimepona. Kesho yake Mayi Mphatso akaja ateliye kabla sijamaliza kufagia. Hakukaa. Alisema hakulala, mumewe amemuuliza amesaini nini na ameshindwa kumjibu. "Sifa," akaniambia, "nimeandika mbele ya ofisa kwamba hapa ni pangu. Mzigo ukiwa wangu, na ufunguo uwe wangu." Anataka Jumatatu aseme cherehani zitauzwa zote, Tadala alipwe haki zake, ateliye ifungwe, jina lake litoke huko. Simlaumu. Anaogopa kama mimi, tena yeye anaogopa kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilimpa ufunguo mmoja. Na nitamshtaki wapi, Yaya? Kwenye karatasi zote za nchi hii mimi si mtu wa pale. Nikisema cherehani ni zangu, nimesema pia kwamba nafanya kazi mjini bila ruhusa. Nikikaa kimya, zinauzwa, na wasichana wanne wanakwenda barabarani, na huyu wa Fizi ndio kwanza ameanza kucheka.

Jana nikarudi Dzaleka nikamtafuta mwalimu mmoja wa Bukavu anayewasomea watu barua za ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mama, sheria ya kazi haiangalie jina ya kwenye ukuta tu," akasema. "Inauliza nani alikuwa anatuma huyu mutoto kazi. Ni wewe. Ukisema kweli, Tadala atarudi na huyu mama mwingine atapona."

"Na mimi?"

Akavua miwani akaipangusa. "Sheria ya kazi iko moja, ya bakimbizi iko ingine. Ukiingia ofisi kwa ile ya kwanza, wanaweza kukutoa kwa ile ya pili. Mi siwezi kukudanganya. Sijue watafanya nini."

Tukaandika mkataba, mimi na yeye, juu ya meza ya kanisa. Kazi ya Tadala ni nini, anaanza saa ngapi, siku zake za kupumzika, akiugua inakuwaje, na kama siku moja tutaachana aambiwe mapema na asikilizwe kwanza. Mambo ya kawaida kabisa, Yaya. Ukurasa mmoja na nusu. Ningeweza kuuandika miaka mitatu iliyopita wakati nasubiri pasi ipate moto. Pale penye nafasi ya mwajiri mwalimu akaacha wazi, akanipa kalamu, akaenda kuchota maji ya kunywa ambayo hakuyahitaji. Nikaandika jina langu lote, kama lilivyo kwenye karatasi ya ukimbizi.

Baba Ombeni hajui. Nitamwambia Jumapili baada ya ibada, akishakula. Jumatatu nitakwenda na Mayi Mphatso, na safari hii sitakaa kama ndugu wa kumshika mkono. Inawezekana ofisa akaangalia mkataba tu, akaniambia nikatafute kibali cha kufanya kazi. Inawezekana akainua simu kuwaita polisi. Usiku na mchana nazunguka hapohapo. Kama Jumatatu simu yangu haipatikani, usimwambie Mama lolote mpaka nikupigie mwenyewe. Mwambie chaji imekwisha, ataamini, ameishi na chaji zilizokwisha maisha yake yote.

Msalimie sana Mama, umshike miguu kwa ajili yangu. Msalimie shemeji, mumeo, na yule kitindamimba wetu anayejiita fundi wa simu, mwambie aache kunitumia picha za pikipiki. Mjomba mzee wa kanisa aniombee, lakini asitaje jina langu mbele ya watu. Shangazi mkubwa mwambie vitambaa vyake vimeshonwa, vinasubiri msafiri. Watoto wangu wanakuamkia, na Ombeni anauliza kama bado unaimba sauti ya kwanza.

Kuna sentensi moja ya Kichewa ninayoifanyia mazoezi tangu jana. Naisema nikiosha vyombo, naisema nikipanga nguo. Mwini wake ndine. Yaani, mwenye ateliye ni mimi. Ni maneno matatu tu, na Kichewa nakisema kila siku sokoni bila shida. Lakini kila nikifika kwenye lile la mwisho, lile la mimi, naacha, naanza upya.

Mdogo wako,
Sifa