Kabula, Muulize Mwenyewe

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Shinyanga tu wazima. Bibi yako anapalilia karanga huku akiulalamikia mgongo.

Barua yako imenichosha! Umepewa Mama Neema akuongoze katika kazi mpya, umekaa kimya mwezi mzima, halafu unaniuliza mimi kwa nini hakufundishi. Wewe umemuuliza nini?

Ujanani, enzi za Mwingereza, nilijifunza ufundi wa malori kwa Mzee Ramadhani, mtu mkali asiyependa maneno. Siku moja tukipeleka mizigo kwenye machimbo ya Geita, lori lilituzimikia porini, naye alikuwa na homa, amelala juu ya magunia. Nikafungua injini, kisha nikamwendea.

“Mzee, petroli haifiki. Nimesafisha mpira wa kuipitisha, bado. Nifungue wapi?”

Akanielekeza. Nikarudi tena, na tena.

“Masanja, utaniua kabla ya homa!” alifoka. Lakini alinijibu kila mara, meno yakigongana.

Lori lilipowaka, alijifunika blanketi, akasema, “Endesha wewe. Ukikwama, niamshe.”

Sasa huyo Mama Neema hana hata homa. Unamwogopea nini?

Babu yako,
Masanja