Mama wa Ukurasa wa Kwanza

Sengerema,
6 Machi 1995

Mwanangu Teodora,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa macho. Mvua zimeanza na mihogo inapendeza.

Jirani yetu Justa amenisomea gazeti lenu, ule ukurasa wako wa vitabu vipya. Umekisifu mno kile cha ufugaji wa kuku. Huyo bwana hajawahi kuibiwa mayai na kenge! Kile cha vyama vingi sikukielewa, na nadhani hata wewe hukukielewa.

Lakini mbona riwaya ya kaka yako huisemi? Nasikia imetoka tangu Krismasi. Huu mwaka wa sita Ndalahwa hajakanyaga hapa. Nataka kujua kama ananikumbuka.

Mama yako


Mkuyuni, Mwanza,
19 Machi 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, malaria imeniachia.

Riwaya ya kaka nimeisoma. Lugha yake tamu. Ni habari za mjini tu, Mama. Mhariri ana vitabu vingi, zamu yake itafika. Usihangaike kuitafuta, herufi zake ni ndogo sana.

Mwanao,
Teodora


Sengerema,
30 Aprili 1995

Teodora,

Salamu. Mimi mzima, ingawa kitabuni nimekufa.

Parokiani walikuwa nacho. Justa alisoma mistari michache akakifunga, eti ameacha maharage jikoni. Nikamwambia akifungue. Mama wa humo ana kovu langu la mkononi, anaimba vibaya kama mimi, na anazikwa ukurasa wa kwanza. Kwetu mtu hamtamkii mzazi wake kifo akiwa hai, sembuse kukipiga chapa. Najua ndiyo maana ulinificha.

Lakini sikulia kwa kuuawa. Humo mtoto anapata habari, anapanda treni siku hiyohiyo, anavuka na feri, anapiga magoti kaburini. Hapo ndipo nililia. Kumbe njia anaikumbuka! Ilibidi nife ndipo aje.

Sasa kiandike kwenye ukurasa wako, tena useme kweli.

Mama yako


Mkuyuni, Mwanza,
14 Mei 1995

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Niliogopa ungeumia, nikakuacha uumie mbele ya Justa.

Nimekiandika, gazeti hilo hapo. Nimesema lugha ni nzuri na sura za mjini zinachosha. Mwisho nimeandika: "Mwandishi amemzika mama mapema mno, kabla hajasema neno. Angerudi kwanza akamsikilize. Feri bado inavuka." Mhariri aliniuliza kama huo nao ni uhakiki. Nikamjibu kwamba mengine yote angeweza kuyafuta, si hayo.

Nakala nimempelekea kaka. Hajajibu.

Mwanao,
Teodora


Sengerema,
2 Julai 1995

Teodora mwanangu,

Salamu, na pole na kazi. Mimi mzima.

Ndalahwa alikuja Jumatano. Amekonda, na mvi zimeanza. Alikula ugali na sato, akaulizia ng'ombe, akaulizia kisima. Habari ya kitabu hakuigusa.

Baada ya kula nikakitoa chini ya mto. Nikamwambia, Justa kimemshinda, nisomee wewe. Akasema, "Mama, tafadhali." Nikamwekea mapajani.

Alisoma vizuri, kwa sauti ileile ya shuleni. Alipofika jeneza linaposhushwa, sauti ikakatika. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Soma, mwanangu. Mimi nipo."

Mama yenu