Natangulia Njia ya Wapagazi

Shoga, uko? Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Unazikumbuka zile picha nilizokutumia, nimewatangulia wote kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi? Siku tatu tunapanda mlima, siku tatu kiongozi wa safari ananiambia, "Mama, tangulia." Nami kichwa kikavimba! Hata wifi nikamwambia, "Jikaze, fuata nyayo zangu."

Sasa hivi tumefika kambini, tunavua viatu, nikamwuliza kiongozi mbele ya watu wote kwa nini alinichagua mimi.

Akajibu kwa adabu kabisa: "Ndiyo desturi ya wapagazi, mama. Mwenye mwendo wa kobe ndiye hutangulizwa, asije akaachwa nyuma akafia njiani."

Akafia njiani, shoga! Mimi!

Wifi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kumbe wote walijua. Na unajua nani alimnong'oneza kiongozi siku ya kwanza? Mume wangu! Eti, "Sikutaka uumie." Siku tatu ananipiga picha huku anajua!

Sikulia. Nimekunywa chai yangu nikamaliza.

Kesho njia inapita ukingoni: huku ukuta wa mawe, kule korongo, aliye mbele hapitiki. Mvua imeshaanza, na wifi hakuleta koti.

Nimemwambia kiongozi desturi ni desturi, natangulia mimi. Na wallahi nitatembea kama bibi harusi.