Mfuniko wa Rejeta

Jumatatu, 6 Januari
Wamenileta Hatta, milimani nje ya jiji la Dubai, na mzee mwenzangu. Tingatinga la mwaka themanini na sita, rangi yote imebanduka! Kazi: kukata ngazi tatu mlimani, arbab, bosi wetu, ajenge vibanda vya wageni. Wenzangu wote wamebaki kambini Al Qusais. Huku ni mimi, kontena na mawe.

Asubuhi nyuzi tisa. Watu wanadhani Dubai ni joto tu, waje huku walale. Injini imekohoa dakika ishirini, moshi mweupe, haitaki. Nikaweka jiko la mkaa chini yake, kama tulivyofanya shambani Kitulo, ndipo ikakubali. Nimejipongeza kwa sauti. Kisha nikaona aibu, maana hakuna aliyesikia.

Jumanne, 7 Januari
Arbab kapita. Kasema nikilitunza tingatinga lake, tarehe mosi Februari tiketi ya likizo mkononi. Nikiliua, nirudi kambini kusubiri, inshallah. Hiyo inshallah yake naijua!

Miaka mitatu sijaiona Makete. Mtoto nilimwacha tumboni. Jana mke wangu Anna kampa simu aongee na baba yake, kaitupa na kukimbia. Nimekula wali peke yangu tena. Upweke unanimaliza, basi niseme ukweli.

Alhamisi, 9 Januari
Kaletwa mlinzi wa geti! Ronnie, Mganda, zamu yake jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mchana analala kibandani getini. Anaongea kama redio. Kiswahili anasema alikiokota kwa wanajeshi, kwa hiyo kila kitu kwake ni amri: kaa hapa! kunywa chai! Nimekaa. Nimekunywa. Tumecheka mpaka nikasahau baridi.

Jumapili, 12 Januari
Nimemfundisha kuwasha. Kwanza mkaa, kisha kumwaga maji yaliyoingia kwenye dizeli, gia huru, halafu uiache ingurume polepole, usiikanyage. Anashika haraka, mtu yule! Leo kaniwashia mwenyewe saa kumi na moja na nusu, eti nilale kidogo zaidi. Nimeamka injini ya moto, chai ya moto. Tangu nifike Arabuni hakuna aliyewahi kunifanyia jambo kabla sijaomba. Nimejifuta macho nikasingizia moshi.

Jumatatu, 13 Januari
Baridi kali jioni hii. Kwenye simu wanasema milimani huenda barafu ikashuka. Rejeta ina maji matupu, dawa ya kuzuia barafu hawajaleta. Kitulo niliona injini mbili zimepasuka kwa barafu! Sikungoja. Nimefungua koki, maji yote chini. Mfuniko nimeuning'iniza kwenye lever ya gia. Opereta yeyote wa kwetu akiuona pale anajua: kavu, usiwashe.

Jumanne, 14 Januari
Nimeamshwa na harufu ya chuma kuungua. Kisha mlio mmoja mbaya, kisha kimya. Nimetoka bila viatu.

Ronnie kasimama na chupa ya chai. Banange, kasema kwa Kiganda chake, mfuniko ulisahau nje, nikakufungia vizuri kabla ya kuwasha! Alikuwa anasubiri nimshukuru. Nimekaa juu ya mawe. Yeye si wa Kitulo. Nani angemwambia? Nilimfundisha kila kitu isipokuwa hilo, mpumbavu mimi.

Na barafu? Nyuzi nane. Hata tone halikuganda.

Jumatano, 15 Januari
Fundi Junaid katoka Al Baraha asubuhi. Kafungua, kaangalia, katikisa kichwa. Hedi imepasuka, pistoni zimeng'ang'ania. Khalas, imekwisha. Kauliza nani kawasha bila maji. Nimemkabidhi spana zake.

Alasiri kaja arbab. Hakufoka, heri angefoka. Kauliza swali lilelile. Ronnie kajibu kabla yangu: mimi, sir, mimi niliwasha. Arbab kanigeukia: kweli?

Nilikuwa na maneno tayari. Kwamba maji nilimwaga mimi. Kwamba haikuwa lazima. Kwamba kuwasha nilimfundisha mimi.

Nikasema, ndiyo, sir, ni yeye.

Na ni kweli! Hakuna neno la uongo hapo. Arbab kanigonga bega: tiketi yako iko palepale. Kwa Ronnie kasema apange begi, visa inafutwa, anaondoka naye sasa hivi.

Begi lake ni dogo, halikuchukua hata dakika kumi. Kaja hapa mlangoni kunirudishia blanketi langu, kalikunja vizuri. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane! Kasema tu: ukifika, huyo mtoto mnunulie viatu, watoto wanawapenda watu wanaoleta viatu. Nikasema haya. Haya! Ndilo neno nililolipata.

Kaenda. Gari la arbab linanguruma getini, namwona arbab anazungumza kwenye simu, hajapanda. Kutoka hapa mpaka pale ni hatua arobaini. Naweza kufika, nikasema, ikaisha. Tiketi ya Februari nayo ikaisha.

Nimekaa kitandani naandika. Arbab kamaliza simu. Ronnie kaingia nyuma, kafunga mlango. Hawajaondoka bado. Nikimaliza mstari huu naenda kumwambia arbab kwamba maji nilimwaga…