Gome la mtufaha wako

Farsta, Uswidi, Jumapili 29 Machi

Baba Diane,

Theluji imeyeyuka, nikakuta gome la mtufaha wako limetafunwa. Kosa ni langu. Nilitandaza majani makavu shinani, kama tulivyofanya kwenye migomba Burundi.

Binti yetu akacheka. "Mama, watu wanasubiri nyumba miaka, hawa umewapa ya majani bure. Ni sork, wale kama panya, mkia mfupi. Wakati wa baridi hawalali, wanakula gome chini ya theluji."

"Mti utakufa?"

Akapitisha kidole kuzunguka shina. "Wangemaliza mzunguko, ungekufa. Upande huu hawakugusa."

Tumeondoa majani, tukazungushia wavu. Bado naogopa kidogo, ila leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Huko uliko, unikumbuke.