Kiwanja Chetu cha Ziwani

Nyangeta mpwa wangu,

Salamu tele kutoka Musoma. Mama yako mzima, ng'ombe kazaa pacha, na mimi mjomba wako bado nawashinda vijana wa mtaa wa Mukendo kwa mbio.

Unalalamika nimeiuzia manispaa kiwanja chetu cha ziwani kibaki wazi, nawe ulitaka kujenga. Sikia basi. Ujanani niliona kibao ufukweni, kando ya kiwanja chetu: ENEO LA WAZI. Mimi na elimu yangu ya darasa la nne nikasema, "Kumbe halina mwenyewe!" Nikachimba mashimo arobaini ya uzio kabla ya chai, peke yangu, sururu ikatoa moshi.

Bibi yako akafika na ndoo ya dagaa kichwani. "Wewe Magesa, sasa nianike wapi? Mgongoni kwako?"

Wanawake wenzake aliokuja nao wakaangua kicheko. Yeye alikuwa anatazama tu ule mchanga aliokuwaga anaanikia tangu hajaolewa.

Nikafukia mashimo yote mbele yao, na kufukia kulinichosha kuliko kuchimba. Kumbe eneo la wazi lina wenyewe, tena wengi, ila hawana hati.

Usinune, mama. Ukija likizo tandika mkeka popote pale kiwanjani, na mtu akikuuliza nani kakuruhusu, mwambie wewe ndiye mwenyewe.

Mjomba wako,
Magesa